Mkaza Mwana wa Kituruki

Mimi ni fundi wa nguo, na cherehani yangu inatazamana na televisheni. Nimeiweka hapo makusudi. Nashona mabuibui na sare za madrasa, jicho moja kwenye sindano, jingine kwenye mchezo, na kidole changu bado kizima, alhamdulillahi. Ndiyo maana wanawake wa kichochoro chetu, hapa nyuma ya Ndia Kuu, wakija kupimwa huanza kwa kuuliza, "Bibi fundi, wiki hii tutazame nini?" Nami simung'unyi maneno. Huo wa Kihindi uwateni, umekuwa mrefu kuliko foleni ya feri. Huo wa hapa kwetu utazameni kwa ajili ya yule bibi mzee, anasema Kimvita cha kweli, lakini mwanawe hajui kuigiza, analia macho makavu. Wako walioninunia kwa maoni yangu. Hununa wiki moja, kisha hurudi kuuliza tena.

Mtu wa pekee asiyefuata ushauri wangu ni binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu anatambaa. Huyo michezo haitaki. Yeye na makala tu, zile za kweli, za wanyama: mara mchwa, mara papa, mara ndege wa porini. Anafanya kazi Shimanzi, katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na akirudi jioni na vumbi la malori kwenye mtandio, huvua viatu mlangoni na kusema, "Mama, nibadilishie kidogo." Nami humjibu, "Ng'o! Mchwa wako hawaendi popote." Ndivyo tulivyoishi, yeye na wadudu wake, mimi na Waturuki wangu, na mapenzi tele katikati.

Basi siku moja nikaletewa salamu kwamba bibi fulani wa Kibokoni, pamoja na wifi yake, wangependa kuja kututembelea Alhamisi baada ya alasiri. Kututembelea tu. Bibi huyo ndiye mamake kijana ambaye mwanangu huyu wa kulea alikuwa amemkubali moyoni, fundi wa mitambo huko huko bandarini, na wifi mtu ndiye shangazi yake kijana. Kwa watu wa nje huo ni mwaliko wa chai. Kwetu sisi, huo ni mtihani.

Na ni mtihani ambao hakuna anayekiri kwamba unafanyika. Mgeni wa namna hiyo hatamki neno posa, na mwenyeji akilitamka amejivunjia heshima. Mtaketi, mtakula, mtasifiana mapishi, mtazungumza habari nyingine kabisa, na ndani ya hizo habari nyingine msichana hupimwa kuliko mimi ninavyopima bega. Nyanya zetu walipima kwa mafumbo yaliyoandikwa kwenye leso. Siku hizi hupima kwa mchezo wa Kituruki, ule uliotiwa sauti za Kiswahili, ambao mji mzima unautazama. Msichana huulizwa tu, "Yule mkaza mwana, wewe wamwonaje?" na jibu lake hubebwa hadi nyumbani. Kuna binti wa kichochoro cha pili aliyesema kwamba yule mama mkwe wa kwenye mchezo dawa yake ni kupelekwa kwenye nyumba ya wazee. Alisema kwa kucheka. Wageni nao wakacheka, wakamaliza chai, na hawakuonekana tena.

Mwanangu alimtaka yule kijana. Hakunificha, na mimi nilimpenda kwa hilo. Lakini wawili hao walikuwa wameshakubaliana jambo: wakioana watapanga vyumba viwili Ganjoni, na yeye ataendelea na kazi yake. Jambo hilo kijana hakuwa amemwambia mamake. Mwana wa pekee, tena! Na mama mtu alikwisha kumtengenezea ghorofa ya juu, rangi mpya, mapazia, kitanda cha kuchongwa. "Nipe muda," ndilo neno la kijana kila siku. Wanaume na muda wao! Niliwajua wana wa pekee: wakivutwa huku na huku, hukatikia upande wa mama. Posa ikija na sharti la kukaa ghorofani na kuiwata kazi, mwanangu angelazimika kuchagua. Aliniambia usiku wa kuletewa salamu, akiwa amekaa kitandani kwangu, "Mama, namtaka. Lakini nikitiwa ndani nitakufa."

"Hufi," nilimwambia. "Kwanza wakupende. Wakishakupenda, maneno mengine yatazungumzwa."

Nikaanza kumfundisha. Katika mchezo ule kulikuwa na nyumba kubwa na wakaza mwana wawili. Mkubwa ni mpole, mtandio haumwanguki, anamlisha mama mkwe kwa kijiko. Mdogo ana kucha nyekundu, na kila siku anamdai mume wamhame mama. Nikamwambia, "Ukiulizwa, unampenda mkubwa. Sema ana subira, kisha inua sinia uende jikoni."

"Na kama simpendi?"

"Kwani umeambiwa ukale naye? Sema tu!"

Nikamketisha tukatazama pamoja sehemu zilizopita. Alipiga miayo hadi nikataka kumfinya. Kisha akasema, "Huyu mkubwa mbona macho yake hayatulii? Anatazama kama nyoka kabla hajauma."

"We! Hujui kitu kuhusu watu. Rudi kwa mchwa wako."

Jumatano, mchezo ukikaribia kuanza, stima ikapotea mtaa mzima. Nilikaa gizani nikilaani. Asubuhi ilikuwa haijarudi, na simu yangu imezima, sikuweza hata kusikiliza wenzangu kwenye kundi wakisimuliana. Sikuhangaika sana. Nilikuwa na mkate wa sinia wa kuoka kwa makaa, viazi vya karai, kaimati, na sebule ya kufukiza udi. Kipindi kimoja tu, nikajiambia, kitabadilisha nini?

Wakaja. Shangazi mtu alitangulia, mwanamke wa sauti nene na mwili wa kutosha, akipanda ngazi zangu kwa kuzilaumu. Mamake kijana alifuata nyuma, mwembamba, mkimya, buibui lake limepigwa pasi hadi kwenye mikono. Mwanangu akawabusu mikono. Aliomba ruhusa kazini siku hiyo, na alikuwa amevaa dera la samawati nililomshonea mwenyewe. Alipendeza, mashaallah, hata mimi nilimwonea fahari.

Tulisalimiana hadi salamu zikaisha. Nyumba njema? Njema. Wazima wote? Wazima, twashukuru. Shangazi mtu akala kaimati moja, mbili, akajifuta vidole. "Kumbe hapa ndipo panapotoka hukumu zote," akasema. "Kila nikenda kwa mtu naambiwa, fundi kasema tazama hiki, fundi kasema kile hakifai. Haya, na jana? Mliuona?"

Ningesema hatukuuona, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi, ambaye mtaa mzima hunijia kwa shauri la michezo, nimwambie mgeni wa kwanza kwamba sijui kilichotokea jana? Ulimi ukaniponyoka. "Tumeuona," nikasema. "Hatukosi."

Akamgeukia mwanangu. Mamake kijana naye akainua macho kutoka kwenye kikombe, na nikajua swali ndilo hilo.

"Na wewe, mwanangu, yule mkaza mwana mkubwa umemwonaje?"

Mwanangu akanitazama. Nikamwinamishia kichwa, kidogo tu.

"Nampenda, shangazi," akasema. "Ana subira. Hata mimi ningekuwa mahali pake, ningefanya kama alivyofanya."

Hilo la mwisho silo nililomfundisha. Aliliongeza mwenyewe, maskini, ili lisikike la kweli.

Shangazi mtu aliweka kikombe chini polepole. "Ungefanya kama yeye?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ungemtoa mama mkwe wako nje, mvua yanyesha, ukafunga mlango, na ufunguo ukautia kifuani?"

Lo salaale! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe jana yule mpole ndiye aliyegeuka! Nikarukia kati kama mtu anayeepua sufuria inayofurika. "Ana maana ya mwanzo, bibi, ile subira ya mwanzo, kabla ya..."

"Si mmeuona jana?"

Nikaanza kupanga upya visahani vya kaimati. Mwanangu, aliyekuwa ameshainua sinia kama nilivyomfundisha, akalirudisha mezani.

"Hatukuuona," akasema. "Stima ilipotea. Na mimi michezo hii sitazami, shangazi. Mama alinifundisha la kusema kwa sababu anataka mnipende."

Haya. Basi. Yameisha, nilijiambia. Mtoto huyu miaka yote nimemlea asiseme uongo, na leo ndipo amechagua kunisikia! Nilikasirika, na papo hapo nikamjivunia, kwa sababu alikuwa amesimama wima mbele ya wanawake wale wawili na hakuinamisha kichwa.

Mamake kijana, ambaye tangu aketi hakuwa amesema zaidi ya salamu, akauliza, "Wewe basi watazama nini?"

"Makala, mama. Za wanyama."

"Nambie moja."

Nilimkodolea macho. Sema njiwa, nilimwomba moyoni, sema kuku, sema chochote kilicho kitamu. Akakaa kwenye jamvi, karibu na miguu ya yule mama, na uso wake ukabadilika, ukawa ule ninaoujua mimi wa jioni akinisimulia mambo nisiyotaka kusikia.

"Kuna hondohondo," akasema. "Yule ndege wa mdomo mkubwa. Wakati wa kutaga, jike huingia ndani ya tundu la mti, na mlango huzibwa kwa udongo. Hubaki ufa mdogo wa kupita mdomo. Dume huleta chakula, humlisha kwa ule ufa. Jike hukaa humo mpaka makinda yakue."

"Ebo!" akasema shangazi mtu. "Kwa hiyo nyumba ya mume ni tundu?"

"Sikusema nyumba, shangazi. Nasema ndege."

"Tumekusikia."

Nikasema chai imepoa, niongeze chai. Hakuna aliyenisikiliza. Mamake kijana alikuwa ameinama mbele. "Na mle ndani hafanyi jambo? Akaa tu?"

"Mle ndani manyoya ya mbawa zake humnyonyoka, mama. Yote. Hata ukimvunjia ule udongo siku hiyo, hawezi kuruka."

"Kisha?"

"Kisha huota tena. Yakishaota, huuvunja ule udongo kwa mdomo wake mwenyewe, akatoka."

"Huota tena," akasema yule mama. Alitoa chembe moja ya mkate kwenye buibui lake, akaitazama, akaitia sahanini. "Huonyeshwa wapi hiyo?"

"Ninayo kwenye simu. Nitakutumia, ukipenda."

Alimpa namba. Shangazi mtu alikuwa amekwisha kusimama. Nikawafungia mkate wa sinia uliobaki, kwenye bakuli langu jema la kauri lenye maua ya buluu, nikalifunika kwa kawa, nikampa mama mtu mkononi. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukitaka uhusiano uendelee, unarudisha na kitu ndani, hata kama ni sukari. Ukitaka uishe, unarudisha chombo kimeoshwa, kikavu, na salamu nzuri sana. Nililitoa bakuli lile kwa hofu, nikijua kwamba jibu letu litarudi ndani yake.

Mlango ulipofungwa tuligombana. Nilimwambia, "Dunia nzima ya wanyama, hukumwona mwingine ila huyo!" Akaniambia, "Na wewe kwa nini ulisema tumeuona?" Stima ilikuwa imerudi, na kwa kejeli ya mambo televisheni ikawaka yenyewe na marudio ya jana, yule mpole akichungulia dirishani na ufunguo wake. Nikauzima.

Bakuli halikuja kesho yake. Halikuja wiki ile. Mtu akipiga hodi chini, nilikuwa natoka mbio na futi ya kupimia bado shingoni, kumbe ni mwenye kuuza dagaa. Mwanangu alikuwa akienda kazini na kurudi, akila kidogo, akijifungia bafuni na kufungulia maji kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuoga. Kijana naye, alipoulizwa, alisema mamake hasemi kitu, amekaa ghorofani na simu yake siku nzima. "Nipe muda," akaongeza. Nilisikia hilo, nikavunja sindano kwenye cherehani. Wateja walikuja na swali lao la kila siku, tutazame nini. "Tazameni ukuta!" niliwaambia. Niliogopa, na nikiogopa huwa mkali, hivyo ndivyo nilivyoumbwa. Nilikuwa nikifikiri kwamba nimemharibia mtoto wa dada yangu maisha kwa sababu ya kipindi kimoja cha televisheni.

Kisha asubuhi moja, mwanangu yuko Shimanzi, hodi. Mamake kijana, peke yake. Bakuli langu lilikuwa mkononi mwake na kawa juu yake. Nilimtazama alivyolishika, nijue kama ni zito, lakini mikono yake haikusema kitu. Aliketi pale pale alipoketi mara ya kwanza na akaliweka mapajani. Hakunipa.

"Nimemtazama yule ndege," akasema.

"Msamehe mwanangu, bibi. Hakukusudia..."

"Nimemtazama mara nyingi. Wifi yangu asema nimerogwa." Alipapasa ukingo wa kawa. "Wewe fundi, wajua gauni la wauguzi? Lile jeupe, la kola?"

"Nimeshona mengi."

"Langu lilikuwa limeshashonwa. Nilikuwa nimeitwa kusomea uuguzi. Ikaja posa, na mama mkwe wangu akasema, zaa kwanza, utakwenda baadaye. Alisema kwa wema, wala sikumlaumu. Nikazaa. Gauni likawa linakaa sandukuni, na kitambaa kilikuwa kizuri, kinanyonya maji." Akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja. "Nikalikata nepi. Za huyu huyu mnayemtaka."

Nilishika kitambaa kilichokuwa mbele yangu nikawa nakikunja na kukikunjua.

"Yule ndege, manyoya yake huota tena," akasema. "Mimi yangu niliyangoja."

Nikaona nimwambie neno la kumpoza, kwamba Mungu ana hekima yake, lakini aliniinulia kiganja.

"Nisikilize, kwa maana sitalisema mara mbili. Najua habari ya Ganjoni. Mwanangu ameniambia juzi, akitetemeka kama mtu aliyeiba. Nimemwambia wapange."

"Allah akubariki, bibi, wallahi una moyo..."

"Si moyo!" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Usinisifu kwa nisilo nalo. Ile ghorofa nimeipaka rangi mwenyewe. Nilitaka kusikia nyayo za watu juu yangu. Lakini akikaa kwangu, kila asubuhi nitasimama pale mlangoni nimwone akishuka na mkoba wake begani, akienda. Leo, kesho, mwaka mzima. Nitamchukia, bibi. Najijua. Nitamchukia na hatakuwa amenikosea kitu, na nitaanza kumtafutia makosa kwenye chumvi na kwenye ufagio. Husuda haina adabu, haiulizi umri. Bora akae mbali nimpende."

Nilisimama nikaenda kukaa karibu naye, chini, kwenye jamvi, pale alipokaa mwanangu siku ile. Nilikuwa nalia na sikuona haya. Yeye hakulia. Alitazama televisheni yangu iliyozimwa, kisha akaniuliza, kwa sauti ya mteja yeyote, "Na sasa nitazame nini? Wa Kituruki siutaki tena."

"Subiri mwenyewe arudi," nikasema. "Atakwambia."

"Nitasubiri," akasema, na akaninyoshea bakuli. Nililipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa zito.